Shati Lisilo na Pindo

Midomo ya wifi yangu ilikuwa ya kushikia pini, si ya kubembeleza mtu. Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea, ulimkuta amebana pini tano sita mdomoni, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na anakusalimia kwa nyusi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Pini. Mimi nilimwita wifi, maana alikuwa mke wa kaka yangu, na kwa miaka yote hiyo tulitaniana, tukagombana, tukanuniana, tukapatana tena bila mtu kutuamua. Ukiniuliza nani alikuwa rafiki yangu duniani, nitamtaja yeye, na sitaki ubishi.

Kwa kuwa mdomo wake ulijaa pini, kazi ilikuwa na utaratibu wake. Alipima, akataja sehemu kwa meno, na mwanawe wa kiume, akiwa bado mdogo wa kukalishwa juu ya meza ya kukatia, alisoma namba kwenye futi na kuitangaza ili mteja aisikie na kuikubali. "Shingo?" "Kumi na tano na nusu!" "Kifua?" "Arobaini!" Mtoto akinong'ona, mama alimgonga goti kwa rula: "Sauti! Mteja hajasikia." Wateja walicheka, wakamwita Kasuku, na jina likamganda mpaka leo ni mtu mzima, fundi wa mafriji, mwenye mke na watoto. Mama Pini hakugusa mkasi mpaka kipimo kitamkwe mbele ya mwenyewe. Alisema kipimo kisichosemwa kwa sauti ni ndoto tu ya fundi.

Kwenye cherehani cha pili alikaa binti yake mkubwa, ambaye tulimwita Kimya, na sababu utaijua ukikaa naye kutwa nzima. Kimya aliingia kwenye ndoa ile akiwa amebebwa mgongoni. Kaka yangu alimwoa Mama Pini pamoja na mtoto wake, akamlea, akamsomesha, akamwita binti yangu mbele za watu na nyuma yao. Lakini kwa lugha ya ukoo wetu, ukoo ninaoujua kama mtu anavyojua jino lake bovu, Kimya "si damu." Shikeni neno hilo, maana ndilo lililotaka kututoa roho.

Kaka yangu alikuwa kinyozi. Sasa kinyozi habishani na mtu mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Mteja akisema makaburi ya kwao yana hewa nzuri, kaka anajibu, "Hata mimi nikifa nipelekeni huko." Mwingine akisifia kijiji cha mama yake, "Huko huko, ndugu yangu." Wa tatu akisema mtu azikwe alikofia, "Umenena." Alikuwa akinyoa, basi, wala hakuwa na maana yoyote. Siku alipoanguka ghafla na kufa, wakatutokea wanaume watatu wenye vichwa vilivyonyolewa vizuri kabisa, kila mmoja anaapa kwamba marehemu alimwambia yeye, kwa kinywa chake, azikwe mahali fulani. Na hakuna aliyekuwa mwongo!

Lo, tuliaibika. Kaka yetu mkubwa, mwenye ghala la mbao, akaongeza mahali pa nne, akasema damu inarudi kwao. Wanaume wakagombana uani, mwili ukakaa chumba cha maiti mpaka nikawa naona haya kupita mbele ya hospitali. Mama Pini amekaa kwenye mkeka, hakuna anayemwuliza kitu, yeye aliyelala naye kitanda kimoja! Mwishowe tulimzika hapa hapa mjini, kwenye makaburi ya nyuma ya shule, si kwa kuwa mtu alishinda, ila wote walichoka. Na udongo haujakauka, kaka mkubwa akaanza kuipima nyumba kwa macho. Iko kando ya barabara, pazuri pa kuuzia mbao. Kiwanja kile Mama Pini alikinunua kwa kushona sare za shule, na hati ina jina lake, lakini kaka mkubwa alisimama mlangoni akatangaza, "Nyumba hii ni ya mtoto wetu wa kiume. Mama anaishi humu kwa ajili yake." Kisha akaenda zake.

Tukirudi kutoka makaburini, wifi aliniambia, "Mimi sitakufa kienyeji namna hii."

"Nyamaza, wifi. Si siku ya maneno hayo."

"Ndiyo siku yake," akasema.

Miaka ikapita. Mwaka huu tumbo likaanza kumsumbua, akalificha mpaka likamshinda, na daktari akasema ni uvimbe, lazima apasuliwe. Hakumficha: huenda akaamka, huenda asiamke. Mwingine angekwenda kulia. Mama Pini alikwenda kwa mwanasheria. Alinichukua mimi na mwenye duka la vitambaa tuwe mashahidi, kwa kuwa sisi hatukuwa na cha kurithi. Nyumba kwa Kimya, na kiwanja cha pili, alichokinunua baadaye nje ya mji, kwa Kasuku. Mwanasheria akamsomea wosia wote kwa sauti, naye akawa anaitikia kila mstari kwa kichwa. Tukatia sahihi, nikadhani yamekwisha.

"Bado," aliniambia njiani. "Karatasi ile itasaidia mahakamani. Lakini shemeji yangu hataanzia mahakamani. Atakuja na watu wake, amtoe Kimya nje na mashuka yake, halafu ndipo aseme haya, tushtakiane. Kesi itakwenda mpaka mwanangu azeekee kwenye chumba cha kupanga. Wa kumzuia ni mmoja tu."

"Kasuku."

"Kasuku. Si wanasema nyumba ni yake? Akisema mwenyewe si yake, watashika wapi? Kwa hiyo anisikie mimi, kwa mdomo wangu, na arudie."

Kasuku hakutaka kusikia. Mama akianza tu, "Mwanangu, ikitokea," yeye keshasimama, eti simu yake inaita, simu ambayo hakuna aliyeisikia. Akiitwa Jumapili, kuna friji la mteja limeharibika. Mara moja alifoka kabisa: "Mama, huo ni uchuro! Unajiitia mwenyewe. Utapona, basi!" Akaondoka akaacha kikombe cha chai kimejaa pomoni. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Alimpenda mama yake hata kikohozi chake kilimtia hofu. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Kasuku anaishi vyumba viwili vya kupanga na mke na watoto watatu, wanalala kama samaki kwenye kopo. Na baba yake mkubwa alikuwa akimpitia kazini, anampa lifti, na katikati ya maongezi anatupia, "nyumba yako ile." Mtu asiyetaka kusikia jambo mara nyingi amekwisha kulijua. Nilimwambia hivyo usoni, mbele ya mke wake.

"Shangazi," akanijibu, "nakuheshimu. Naomba uniache."

Nikamwambia heshima hiyo akaiweke kwenye friji isije ikaoza.

Siku ya kulazwa ikawekwa, Jumatatu. Jumamosi Mama Pini akampigia simu mwanawe: "Njoo nikupime shati. Sitaki nilale hospitali nikiwaza mwanangu anatembea na kola iliyochanika." Kwa ajili ya shati, alikuja.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua vifungo. Kimya alikuwa uani akipiga pasi. Mama Pini alikwisha kulikata shati kwa kukisia, kitambaa cha buluu, akalishikiza kwa uzi. Akamvisha Kasuku, akamwambia anyooshe mikono, akaanza kubana pini: mabegani, kwapani, ubavuni kote. Aliyewahi kusimamishwa kwa fundi anajua, ukishabanwa hivyo huendi popote. Ukigeuka tu, unachomwa. Nilipoona anambana mpaka mahali pasipohitaji pini, nikaelewa, nikaacha vifungo.

"Shingo," alisema kwa meno.

Kasuku akachungulia futi. "Kumi na sita!" Akacheka, mazoea ya utoto.

"Shingo. Nizikwe hapa mjini, nyuma ya shule, kando ya baba yako. Nisisafirishwe kwenda popote. Rudia."

Kicheko kikamkauka. "Mama..."

"Usitikisike, kuna pini hapo. Rudia."

Akanigeuzia macho, kichwa kimesimama wima. "Shangazi, mmenipangia."

"Mimi nachambua vifungo," nikasema.

Alisimama pale mikono imenyooka pande zote mbili, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nje gari la maji lilipita likipiga honi. Alikuwa anaweza kusubiri yule mwanamke, alizoea wateja wasiojua wanataka nini. Mwishowe Kasuku akasema, kwa sauti ndogo, "Nyuma ya shule. Kando ya baba."

"Sauti! Mteja hajasikia."

"Nyuma ya shule, kando ya baba!"

"Mabega. Jeneza la mbao za kawaida. Asije mtu akakopa ili kunionyesha kwa majirani."

"Mbao za kawaida. Asikope mtu."

"Kifua. Gauni la kuzikwa liko kwenye sanduku chini ya kitanda, la kijani. Wifi ndiye atakayenivisha, si mwingine."

Nilishtuka hata vifungo vikamwagika. "Mimi? Hukuniambia!"

"Si ndiyo nakwambia?"

"Umelijaribu lakini?"

"Nimelijaribu. Linanikaa kuliko lile la harusi."

Nikacheka, halafu nikaanza kulia, halafu nikamkasirikia kwa kuniliza. Kasuku naye alikuwa analia bila kujifuta, maana mikono haikuwa yake. Akarudia la gauni. Likaja la kiuno: watu wapewe chai na mkate siku ya mazishi, baada ya hapo kila mtu kwake, msije mkakaa wiki nzima mnaosha vyombo vya watu huku mna msiba. Hilo nalo akalirudia, safari hii bila kuambiwa apaze sauti. Nilimwona wifi anapumua. Nikajisemea, kumbe yanawezekana.

Kisha akapiga magoti kupima urefu. Akashikilia futi begani kwa mwanawe, akaishusha mpaka nyongani. Na hapo akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mteja akiwa bado amesimama. Alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa mkononi, ili neno hili asiliseme kwa meno.

"Urefu," alisema. "Nyumba hii ni ya dada yako."

Uani, pasi ilikuwa imenyamaza.

"Kiwanja nimekuachia wewe. Nyumba ni ya dada yako. Rudia."

"Kiwanja ni majani na mashimo, mama." Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu. "Nina watoto watatu. Nitawalaza kwenye majani?"

Ehee, limetoka! Nilitaka kumrukia, wifi akaninyamazisha kwa kiganja.

"Najua unapolala," alisema. "Najua na watoto wako wanavyolala. Lakini wewe una kazi ya mikono, una mke, na una ukoo mzima nyuma yako. Dada yako ana mimi tu, na mimi huenda naondoka. Rudia, mwanangu."

Alilivuta shati kichwani na pini zake zote. Zilimchana ubavuni, nikaona mistari ya damu kwenye fulana yake. Akalitupa mezani akatoka na fulana ile ile mpaka barabarani, watu wanamtazama. Mama Pini alibaki amepiga magoti pale chini, kisha akaanza kuokota pini zilizodondoka. Mimi nilitukana. Nilitukana matusi niliyodhani nimeyasahau.

Kimya akaingia na pasi mkononi, bado ya moto. "Mama," alisema, "mpe nyumba. Mimi nitapanga chumba."

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia. "Hilo ndilo wanalolitegemea."

Jumapili alilishona lile shati. Alitia kola, akatia mikono, akatia vifungo nilivyochambua. Pindo la chini akaliacha hivyo hivyo, nyuzi zinaning'inia. Nilimwambia amalizie, kipimo si anakijua? Akasema mteja hajarudia urefu, na yeye hajawahi kukata nguo ya mtu kwa kipimo ambacho hakikutamkwa. Akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa hospitali.

Alipasuliwa Jumatatu, na Jumanne akaamka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akanitoa nje kwa muda. Alikuwa na mpira wa hewa mdomoni, hawezi kusema, lakini macho yalikuwa yale yale. Jioni Kasuku akaja, akasimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Mama yake akamtazama. Akainua mkono wake pole pole, akauweka begani mwake mwenyewe, akaushusha mpaka nyongani. Begani, mpaka nyongani. Nilielewa, na yeye alielewa, maana uso ulimbadilika.

Akageukia dirishani.

Nilimfinya nusura nimtoe ngozi. "Sema," nikamnong'oneza. "Sema, mtoto wewe, hata kwa uongo."

"Mama, pumzika," alisema. "Tutaongea ukitoka."

Mama Pini akafumba macho. Kulipokucha wakatupigia simu.

Sitaeleza habari ya kumvisha gauni lile. Nilimvisha, linatosha. Lakini nje ya chumba cha maiti nilimkuta Kasuku ameegemea ukuta, nikamtolea shati kwenye mfuko. "Chukua, ni lako," nikamwambia. "Limebaki pindo, na unajua kwa nini." Alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anapewa mtoto mchanga. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumpa hata pole.

Kaka mkubwa hakuchelewa. Asubuhi ya pili alikuwa kwenye chumba cha kushonea na wanaume wake wanne, vyerehani vimesukumwa ukutani, majirani wamejaa mlangoni. Alivaa koti lake la shughuli, na mfuko mmoja ulikuwa umevimba. Tulipomaliza kusalimiana akautoa mzigo ule, akauweka juu ya meza ya kukatia. Kufuli. Kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

"Tumeshauriana," alianza. Kaka yangu huyu hushauriana na nani sijui, maana mimi ni dada yake na sijawahi kushauriwa. "Shemeji yetu tunamsafirisha kwenda kwetu, akapumzike na ukoo. Gari limepatikana. Baada ya mazishi nyumba itafungwa mpaka mambo yakae sawa." Akamgeukia Kimya, aliyekuwa amesimama na trei ya vikombe. "Na wewe, mwanangu, hatukufukuzi. Utapewa muda wa kutafuta pa kukaa."

Vikombe vikaanza kugongana kwenye trei.

Nilisimama. "Kuna wosia," nikasema. "Mimi ni shahidi. Hii hapa nakala, na mwanasheria yupo."

"Karatasi!" Kaka akatabasamu. "Mgonjwa anaumwa, yuko peke yake na wanawake, anaandikiwa karatasi. Hata mimi nikitaka kesho naandikiwa. Nendeni mahakamani, tutakutana huko. Sasa hivi mwenye nyumba ni huyu hapa." Akamwekea Kasuku mkono begani. "Alimpoteza baba, amempoteza mama, nani atampokonya na paa? Sema, mwanangu. Watu wasikie."

Ndipo nilipomtazama Kasuku vizuri. Alikuwa amevaa shati la buluu. Kola imekaa, mabega yamekaa, utadhani amezaliwa nalo. Na chini nyuzi zinaning'inia kwenye mapaja yake, pindo hakuna. Majirani walikuwa wanaliangalia. Nikawaza, huyu amekuja kutuzika sote na shati la mama yake. Alimtazama baba yake mkubwa, akalitazama kufuli. Mlangoni mke wake alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na macho ya mke yule yalikuwa yanazunguka chumba chote, dari, madirisha, mlango wa uani. Simlaumu. Hata mimi ningeangalia.

Kasuku akautoa mkono wa baba yake mkubwa begani. Akasogea katikati ya chumba, akanyoosha mikono pande zote mbili.

Nilidhani msiba umempanda kichwani. Mtu mmoja alisema, "Mshikeni." Lakini yeye akafumba macho.

"Shingo," alisema. "Azikwe hapa mjini, nyuma ya shule, kando ya baba. Asisafirishwe kwenda popote."

"Nini hiki?" kaka akauliza.

"Mabega. Jeneza la mbao za kawaida, asikope mtu. Kifua. Gauni la kijani, avishwe na shangazi, na ameshavishwa. Kiuno. Chai na mkate siku ya mazishi, kisha kila mtu kwake." Sauti ilikuwa inapanda, sauti ile ile ya mtoto wa juu ya meza. Majirani wa zamani waliijua. Nilimwona mwenye duka la vitambaa ameshika mdomo. "Mama aliniambia mwenyewe, mimi nimesimama hapa hapa. Baba Mkubwa, rudisha gari."

Kaka yangu si mjinga, alijua la mazishi limekwisha kumponyoka, na alijua lipi limebaki. "Sawa," alisema kwa upole. "Mtoto amesikia mazishi ya mama yake, tutayaheshimu. Na nyumba? Alikwambia nini kuhusu nyumba?"

Kasuku alikuwa bado amenyoosha mikono. Mtoto wa mgongoni akaanza kulia, mama yake akambembeleza bila kumwondolea mumewe macho. Kimya alikuwa ameinamisha kichwa kwenye trei. Niliona hatasema. Niliona kabisa, atashusha ile mikono, atakaa kwenye kiti, na kufuli litatoka kwenye karatasi yake. Na kabla sijafikiri nikajikuta nimemwita kwa meno, kama alivyoitwa miaka yote ile.

"Urefu?"

Akafumbua macho.

"Urefu?" nikarudia.

Alisema kitu. Midomo ilicheza, lakini hata mimi niliyekuwa karibu sikukipata.

"Sauti!" Nilipiga meza kwa rula, kufuli likaruka. "Mteja hajasikia!"

"Nyumba ni ya dada!" Alipiga kelele hata mtoto akanyamaza. "Nyumba ni ya dada. Si yangu. Mama alisema ni ya dada, nikakataa kurudia, akaniuliza tena hospitali nikakataa, akafa sijarudia. Nyumba ni ya dada. Nyumba ni ya dada." Alikuwa anamwambia nani, sijui, maana hakuwa anatazama mtu.

Mlangoni mke wake aliketi chini pale pale kizingitini, akamweka mtoto mapajani. Hakulia wala hakumlaumu. Kaka yangu alivuta pumzi, akatazama wanaume wake, nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Huwezi kumpigania mtu nyumba anayoikataa mbele ya mtaa mzima.

"Umejifungia nje mwenyewe, kijana," alisema, akanyoosha mkono kuchukua kufuli.

"Liache, Baba Mkubwa," Kasuku akasema. "Mlango wa uani haufungi vizuri. Dada atalitumia."

Mtu akacheka, kisha akajuta kucheka msibani. Kaka aliondoka bila kufuli lake. Nilimsindikiza mpaka barabarani, si kwa adabu, ni kwa kuhakikisha.

Niliporudi, Kasuku alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imenyooka, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuishusha. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Kimya aliweka trei chini. Akaenda kwenye cherehani cha mama yake, akachukua futi akaivaa shingoni, akachukua ule mto wa mkononi, akang'oa pini nne akazibana midomoni. Kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akashikilia futi begani kwake, akaishusha mpaka nyongani, akaanza kulikunja pindo.

Mwili wa Kasuku ulikuwa unatetemeka kwa kilio.

"Usitikisike," dada yake akamwambia kwa meno. "Kuna pini hapo."

Akasimama wima mpaka alipomaliza.